Mchoraji Mbele ya Mnyama Anayeteseka

(Hotuba kwa wanafunzi na walimu wa sanaa, Tabora mjini)

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazee wangu, wazazi, na nyinyi wanangu mliotundika kazi zenu kwenye kuta hizi: shikamooni wote wanaostahili shikamoo, na vijana nawasalimu.

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia huruma katika uchoraji. Huruma ni bahari, nami sitaki kuizunguka yote. Nitabaki na swali moja: mchoraji anafanyaje hata mtu aliyesimama mbele ya picha ya mnyama anayeteseka aguswe, abaki pale, ashindwe kupita? Nimelichagua kwa sababu ya kazi zenu. Kabla hatujaanza nimepita ukutani taratibu, nimekuta punda wengi. Punda wa maji, punda wa mkaa, punda aliyeangukia mkokoteni wake. Ni haki yake punda kuwa humu, maana Tabora hii anajenga nyumba zetu na kupika chakula chetu. Lakini wengi wenu mmemchora akilia. Chozi kubwa la bluu linateremka shavuni, nyusi zimepandishwa juu, mdomo umepinda kwa huzuni. Wanangu, mnyama mmemwazima uso wa mtu. Leo nawaomba mlifute chozi lile, na nitawaeleza kwa nini, kwa kupitia picha za wachoraji waliofanya kazi hii kabla yetu.

Nianzie mbali, kwenye jiwe. Katika karne ya 7 kabla ya Kristo, mfalme Ashurbanipal wa Ashuru alipambisha kasri lake la Ninawi, huko Iraki ya leo, kwa michongo ya ukutani inayomwonyesha akiwinda simba. Leo michongo hiyo imo katika British Museum, London. Mmojawapo ni wa simba jike aliyechomwa mishale. Mshale umeugusa uti wa mgongo, kwa hiyo nusu ya nyuma ya mwili imekufa ganzi. Miguu ya nyuma imelala, inaburuzika chini. Miguu ya mbele bado ina nguvu, imesimama, misuli imevimba, kichwa kimeinuka, kinywa kiko wazi. Nusu ya mwili imeshakufa na nusu haijakubali.

Mchongaji yule alikuwa ameajiriwa kumtukuza mfalme. Hakutumwa amlilie simba. Alichokuwa nacho ni jicho: aliujua mwili wa simba, alijua mgongo ukivunjika nini hufuata, akachonga alichokijua. Zimepita zaidi ya miaka 2,600, ufalme ule haupo, na watu wanaoingia chumba kile wanasimama mbele ya simba, si mbele ya mfalme. Hapo ndipo imani yangu yote ilipo. Uchungu wa mnyama umo katika mwili wake mwenyewe. Ukiutazama vizuri na kuuchora ulivyo, hutahitaji kuongeza kitu chako.

Sasa turudi kwa punda wetu. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa farasi. Waliorodhesha mambo ambayo mchoraji yeyote anaweza kuyaona: masikio yanakakamaa na kuelekea nyuma, kope zinabana jicho, mfupa wa juu ya jicho unajitokeza kwa kukazwa, misuli ya taya inakaza, kidevu kinachongoka, pua inakazwa. Chozi halimo. Na punda ni mgumu zaidi kusomeka kuliko farasi, maana huficha maumivu. Husimama kimya, huacha kula, hushusha kichwa, huegemeza uzito kwenye mguu usiouma. Mpita njia akimwona hudhani amepumzika tu. Mchoraji asiyemjua punda naye atapita, halafu akifika nyumbani atalibandika chozi, kwa sababu hakuona pa kuweka uchungu.

Najua mzee mmoja hapa mbele atanikumbusha hadithi ya ngamia. Imepokewa kwamba Mtume aliingia katika bustani ya mmoja wa Waansari, yaani Waislamu wenyeji wa Madina, akamkuta ngamia, na ngamia alipomwona alilia na macho yake yakatiririka machozi. Akamwendea, akampapasa nyuma ya masikio hadi akatulia, ndipo akauliza: huyu ni wa nani? Mwenyewe alipojitokeza akaambiwa amche Mungu juu ya mnyama huyo, kwani amemshtakia kwamba anamshindisha njaa na kumchosha. Ninaiheshimu sana simulizi hiyo, na sina ubishi na machozi yaliyomo. Ila tazameni yaliyofuata baada ya machozi: mkono nyuma ya masikio, kisha swali kwa mwenye mali. Simulizi imekwenda kwenye mwili, kisha kwenye njaa na kazi. Mchoraji akiishia kwenye chozi ameishia mlangoni.

Kwa ndugu zangu Wakristo kuna punda wa nabii Balaamu, katika kitabu cha Hesabu sura ya 22. Punda anamwona malaika mwenye upanga njiani, anakwepa, anapigwa. Anakwepa tena, anapigwa tena. Mara ya tatu analala chini ya bwana wake, anapigwa kwa fimbo, na hapo Mungu anamfumbua kinywa, naye anauliza amekosa nini hata apigwe mara tatu. Mwaka 1626, Rembrandt, kijana wa miaka 20 hivi, alilichora tukio hilo juu ya ubao. Picha iko Paris. Punda ameporomoka, shingo ameigeuza nyuma kumtazama anayempiga, kinywa kimeachama hata meno yanaonekana. Balaamu ameinua fimbo, na nyuma yake malaika ameinua upanga, mikono miwili juu kwa wakati mmoja. Lakini jambo lililonikamata mimi ni macho ya Balaamu. Rembrandt ameyazamisha katika kivuli, ni kama mashimo meusi. Nabii haoni. Anayeona ni punda. Huruma yetu inatoka hapo, katika mpango huo wa nani anaona na nani haoni, na damu haikuhitajika hata tone.

Niwaambie wanafunzi jambo la kazi: kijana yule alikuwa anajifunza. Mwalimu wake, Pieter Lastman, alikuwa amelichora tukio hilohilo miaka michache kabla. Rembrandt aliitazama kazi ya mwalimu, akaisogeza mbele. Hakuna aibu kuanza na picha ya mtu mwingine, mradi uishie na macho yako.

Sasa picha ndogo kwa kipimo, na kwangu mimi ndiyo kubwa. Mhispania Francisco de Zurbarán, kati ya mwaka 1635 na 1640 hivi, alimchora mwanakondoo aliyefungwa miguu yote minne pamoja kwa kamba. Iko katika jumba la Prado, Madrid. Urefu wake ni kama sentimita 37 na upana 62. Nyuma ni giza tupu. Chini ni jukwaa la kijivu. Kondoo amelala juu yake, yu hai, macho yamelegea, pua ina unyevu, na sufu imechorwa kwa uvumilivu mkubwa hata unahisi vidole vyako vinaweza kuzama ndani yake. Basi. Hakuna kisu, hakuna mchinjaji, hakuna damu. Kwa Wakristo wa Hispania picha ile ilizungumza juu ya Kristo, na walielewa hivyo. Lakini mtu yeyote wa Tabora aliyeamka alfajiri ya Idi na kumwona mbuzi amefungwa uani anaijua hali ile bila kufafanuliwa: mnyama ameshaacha kuvuta kamba.

Angalieni Zurbarán alichokiacha nje. Angemweka mtu mwenye kisu, macho yetu yangemkimbilia mtu huyo, tungeanza kumchukia au kumtetea. Angeweka damu, tungegeuza uso. Kwa kutuachia kondoo peke yake, ametufanya tuwe wa pekee waliopo chumbani naye. Kamba imekwisha kufungwa na kisu hakijafika. Muda uliobaki ni wetu. Wanangu, wengi wenu mmechagua kuchora dakika ya pigo, fimbo ikitua mgongoni. Jaribuni dakika ya kabla, au saa ya baada. Ni ngumu zaidi na inakaa moyoni muda mrefu zaidi.

Mwingereza Edwin Landseer aliijua saa ya baada. Mwaka 1837 alichora chumba cha mchungaji wa kondoo aliyefariki. Jeneza limefunikwa blanketi. Hakuna mwombolezaji isipokuwa mbwa wa marehemu, ameegemeza kidevu juu ya jeneza. Miaka 6 baadaye mhakiki John Ruskin aliisifu picha hiyo kwa kuisoma kipande kwa kipande: kifua cha mbwa kilivyobanwa kwenye mbao, makucha yalivyoshikilia hadi yakaliburuza blanketi, kichwa kilivyolazwa bila nguvu, miwani iliyowekwa juu ya Biblia iliyofungwa. Blanketi lile lililoburuzwa ndilo linalonipata. Linatuambia kwamba kabla ya utulivu huu kulikuwa na mahangaiko. Mchoraji hakuyachora mahangaiko, amechora alama yake kwenye kitambaa.

Hata hivyo siwezi kumsifu Landseer bila kusema jingine. Mwaka 1844 alichora fisimaji aliyechomwa mkuki, amenyanyuliwa juu angani akijikunja, na chini kundi la mbwa wa kuwinda linaruka kumfikia. Mwili wa fisimaji umechorwa kwa ustadi uleule, lakini picha ilikuwa ya bwana mkubwa mwenye mbwa hao, na ilikusudiwa kumfurahisha. Mkono uliomlilia mbwa wa mchungaji ndio uliomwinua fisimaji kama ngao ya ushindi. Kwa hiyo usifikiri kwamba kujua kuchora mateso ni sawa na kuyapinga. Ustadi unaweza kukodishwa. Lazima ujiulize umesimama upande gani wa mkuki.

Joseph Wright, wa mji wa Derby, alipata njia nyingine mwaka 1768. Alichora jaribio la sayansi nyumbani mwa watu, usiku. Katikati ya meza kuna chombo cha kioo, ndani yake kasuku mweupe, na pampu inaiondoa hewa. Bwana anayeongoza jaribio ameweka mkono juu kwenye vali. Akiifungua, hewa itaingia na ndege ataishi. Asipoifungua, atakufa. Anatutazama sisi usoni. Kuizunguka meza kuna watu: msichana amefunika macho, mdogo wake anatazama juu kwa hofu, mwanamume mmoja anawaonyesha kwa kidole, mwingine ameshika saa, vijana wawili wapendanao hata habari hawana, wanatazamana. Mateso ya ndege ni madogo katika turubai ile pana ya karibu mita mbili na nusu. Kilichochorwa hasa ni namna watu wanavyosimama mbele ya mateso: kuna anayelia, anayepima muda, asiyejali. Na vali haijafunguliwa hadi leo.

Hapo nataka tuingie katika jambo linaloniuma zaidi, yaani lawama.

William Hogarth, Mwingereza pia, alitoa mwaka 1751 picha nne za kuchapwa kuhusu ukatili. Alizichora kwa mistari minene, bila madoido, ili ziuzwe kwa bei nafuu na watu wa kawaida wa mitaani London waweze kuzipata na kuzielewa, kwa sababu alitumaini zitapunguza ukatili aliokuwa akiuona kila siku. Katika ya pili, farasi wa gari la abiria ameanguka, mguu umevunjika, na dereva anampiga. Ukiishia hapo, mwovu ni dereva. Lakini Hogarth anakutaka uendelee kutazama. Ndani ya gari lililopinduka wamejazana mawakili wanne, wamejibana katika gari moja ili nauli iwe ndogo. Upande mwingine yupo punda aliyelemewa mzigo kupita kiasi. Na pembeni yupo mtu anaandika namba ya gari, anakwenda kushtaki. Picha moja ina mpigaji, ina wanufaika, ina shahidi.

Miaka 71 baada ya hapo, mwaka 1822, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia kutendewa ukatili farasi na ng'ombe. Sisemi Hogarth ndiye aliyeileta. Nasema macho ya watu yalihitaji kuzoezwa kuona kabla ya mikono ya wabunge kuinuka. Sisi hapa tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kazi ya macho bado.

Maana sisi tunasema “punda afe, mzigo ufike,” na tunasema kwa fahari. Mzigo ni wa nani? Kijana anayemswaga punda wa mkaa barabarani mara nyingi si tajiri. Pengine punda si wake, kaazimwa kwa malipo, na jioni anadaiwa hesabu. Magunia yale yameagizwa na mimi, na mama yule pale, na mwenye hoteli aliyetaka yafike yote kwa safari moja ili alipe kidogo. Nikiwachungulia nyinyi kwenye michoro yenu, mpigaji ana uso wa shetani, meno nje, macho mekundu. Mmemtenga naye ili sisi wengine tutazame tukiwa safi. Hogarth asingekubali. Mchoreni kijana yule amechoka, maana amechoka kweli. Halafu mtafutieni nafasi mawakili wenu wanne.

Na ardhi hii ina sababu yake ya kuielewa shida ya kubeba. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Meno ya tembo, nguo na shanga vilisafiri mabegani mwa watu, wengi wao babu zetu Wanyamwezi, kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Msafiri Stanley alipokuja mwaka 1871, kabla hajakaa pale Kwihara, karibu na mji wetu huu, farasi wake wawili walishakufa njiani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 ndipo mabega yakapumzika. Basi mchoraji wa hapa akichora kidonda cha shogi, ule mfuko wa mizigo, kwenye mgongo wa punda, anachora kitu ambacho katika ukoo wake kuna aliyekivaa. Hatuhitaji kuazima huzuni kutoka mbali.

Nisipowataja Goya na Picasso walimu wenzangu hawatanisamehe, na kwa Goya nataka kusimama kidogo. Kati ya mwaka 1819 na 1823 hivi, akiwa mzee na kiziwi, Francisco de Goya alichora ukutani mwa nyumba yake picha ya mbwa. Ni kichwa tu. Mwili umezama nyuma ya mteremko wa udongo, au mchanga, au maji, haijulikani. Pua imeinuka. Juu yake kuna nafasi tupu ya rangi ya manjano iliyofifia, imechukua karibu picha nzima, na haina kitu. Hatuambiwi anazama au anachungulia, wala nani anamngoja. Ule utupu ndio mzigo. Wengi wenu mmejaza kila kona: jua, miti, ndege, nyumba ya bati. Nafasi tupu si uvivu, ni uzito, na mbwa yule mdogo anaubeba wote.

Picasso alifanya kinyume, akafaulu. Katika Guernica ya mwaka 1937, aliyoichora baada ya mji huo wa Hispania kupigwa mabomu tarehe 26 Aprili mwaka huo, farasi yuko katikati, mwili umechomwa, kinywa wazi, na ulimi umechongoka kama jambia. Anapiga kelele. Nakubali kelele ile kwa sababu mama aliyembeba mtoto aliyekufa analia vilevile, kwa ulimi uleule. Mnyama na mtu wamepewa kilio kimoja kwa bomu moja.

Nasi tunaye Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyechora wanyama kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi jijini Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1972. Wanyama wake wamesimama wazima, wamejaa fremu, wanatutazama. Wengi mmejifunzia kwake, na inaonekana. Si mtindo wa mateso, lakini una silaha moja ninayotaka muichukue: mnyama mmoja, mkubwa, bila kitu cha kumficha. Muwekeni punda wenu namna hiyo, na alama ya kamba shingoni.

Jumamosi asubuhi tutakwenda wote pale wenye punda wanapopumzika kabla ya kurudi kuchukua mizigo. Nimeshazungumza nao, wamekubali. Tutawasalimia kwanza, tutawauliza majina ya punda wao, na atakayekataa kuchorwa yeye au mnyama wake tutamwacha. Hakuna rangi siku hiyo. Kila mtu aje na penseli na mkaa, na mwenye karatasi nyingi amgawie mwenzake. Saa ya kwanza hamtachora lolote, mtasimama tu na kutazama. Ya pili mtachora masikio peke yake, yakielekea mbele, yakilala nyuma, yakigeuka kila moja upande wake. Baadaye tutashuka kwenye jicho, kisha mguu anaouinua. Mkifika kwenye mgongo, mwombeni mwenyewe awafunulie chini ya shogi.